Mdogo wangu karibu ataanza NRL na usiku halali, nimsaidieje?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Sisi tupo Logan hapa Queensland, Australia. Mdogo wangu ana miaka 19, ni winga, klabu moja ya NRL (ligi kuu ya raga ya Australia) imemweka kwenye vijana wake wa kuendelezwa na wikiendi anacheza Queensland Cup, ligi ya chini yake. Wiki iliyopita alitajwa akiba timu ya kwanza, kasafiri nao, kapasha misuli, halafu hakucheza hata dakika moja. Sasa kuna fununu wiki ijayo anaanza. Halali, chakula anachokonoa tu, ukimuuliza anasema yuko sawa. Mama anataka aachane na hayo mambo arudi chuo. Mimi ni mtu wa soka, raga siijui. Nini kinamsubiri huko juu na nimsaidieje?"

Dada, hongera na pole kwa mpigo, maana najua nyumba yenye mchezaji anayesubiri kuitwa inavyokuwa, simu ikilia kila mtu anaruka. Mimi nimefanya kazi na vijana wa umri huo upande wa mazoezi ya nguvu na kasi, klabu sitaitaja, na nikiwakumbuka wote waliopita mikononi mwangu nakuambia bila kupepesa macho kwamba mechi ya kwanza sio mlima. Mechi ya kwanza mwili unabebwa na shangwe na adrenalini. Mlima unaanza wiki ya pili, pale wapinzani wameshamwona kwenye video, bega linauma, na kocha anakuna kichwa kama ambakize au amrudishe Queensland Cup. Kwa hiyo maswali yako yote nitayajibu nikiwa naangalia hiyo wiki ya pili na kuendelea, sio hiyo mechi moja mnayoisubiri nyumba nzima.

Tuanze na kusafiri bila kucheza, maana nahisi ndiko usingizi ulikopotelea. Klabu moja ya NRL ina wachezaji 30 wa mkataba kamili, halafu pembeni kuna kaorodha kadogo ka vijana wa kuendelezwa, ndiko aliko mdogo wako. Wanafanya mazoezi pamoja, jimu moja, meza moja ya chakula, lakini Jumanne saa kumi jioni orodha za timu zikitoka ndio kila mtu anakumbushwa yeye ni nani. Hiyo orodha ya Jumanne ni ndefu kuliko inayohitajika na inapunguzwa kadri mechi inavyokaribia, kwa hiyo kijana wa akiba anajifunza mipango yote, anakula kama anacheza, anapasha misuli kabisa, halafu anavaa traksuti anakaa. Na mara nyingi wiki hiyo hata mechi yake ya Queensland Cup inampita. Sasa fikiria mwili wa miaka 19 ulioandaliwa siku sita kugongana na watu halafu haukugonga mtu! Utalala vipi? Usidhani kila anayekosa usingizi ana woga, wengine hawajachoka tu. Sisi tulikuwa tunawakimbiza wale wa akiba mechi ikiisha, uwanja ukiwa mtupu, watu wanaokota makopo jukwaani, wao wanapiga mbio, na wengi walikuwa wanalala vizuri baada ya hapo. Muulize kama walimfanyisha hizo mbio. Kama hawakumfanyisha akamwambie kocha wa mazoezi, sio siri wala sio udhaifu.

Ila kama ni wiki ya tatu hii halali na bado chakula anachokonoa, hilo ni lingine, kila klabu ina mtu wa ustawi wa wachezaji na kazi yake ni hiyohiyo, na klabu ina daktari. Usisubiri mpaka adondoke.

Sasa raga yenyewe kwa mtu wa soka. Hii sio ile ya wachezaji 15 wala ile ya saba ambayo Wakenya wanaipenda, hii ni ya 13, inaitwa raga ligi. Timu yenye mpira inakabwa mara sita, hiyo zamu inaitwa seti, kila ikikabwa mchezaji anasimama anauviringisha nyuma kwa mguu mwenzake anauchukua, wanaokaba wanatakiwa wawe wamerudi mita 10 isipokuwa wawili wanaobaki pale mbele yake, na ya sita ikifika bila trai mpira unakwenda kwa wenzao, ndio maana utaona baada ya kukabwa mara ya tano mtu anapiga teke. Trai, yaani kuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli lao, pointi 4, mkwaju wa nyongeza 2. Dakika 80. Hayo yanatosha, mengine utayazoea mwenyewe ukiwa unapiga kelele jukwaani kama wenzako.

Winga kwenye soka anasubiri mpira pembeni akimbie, huku watu wengi wanadhani ni hivyohivyo, na kijana akija na fikra hiyo daraja la kwanza linamtapika mapema. Sikiliza. Wapinzani wakipiga teke refu, wale mapropu, wazito wa mbele wa timu yako, wako mbele huko wanahema, wanatakiwa warudi mita 40 kwa miguu mizito. Nani anautoa mpira kwenye shimo wakati wanarudi? Fulbeki na mawinga. Yaani mdogo wako, mwepesi kuliko karibu wote uwanjani, ndiye anayeuchukua karibu na mstari wake wa goli anakwenda kugonga watu watatu wenye kilo mia na zaidi ambao wamemkimbilia kwa mita 30. Anagonga, wanamlaza, anapigana asimame haraka auviringishe mpira, na seti ijayo anafanya tena, na tena. Hakuna anayempigia makofi. Lakini asipofanya, timu inaanza seti ikiwa mita 8 kutoka kwenye goli lake badala ya 20, na hapo mpigaji wa timu yake hana nafasi ya kupiga teke la maana, na mechi nzima inachezwa upande mbaya wa uwanja. Makocha wanazihesabu hizo mbio moja moja. Jumatatu kwenye chumba cha video hazionyeshwi trai sana, zinaonyeshwa klipu za nani alirudi kuomba mpira na nani alijifanya anafunga kamba ya kiatu.

Halafu kuna mabomu, ndio jina lake huku, teke linalopanda juu mpaka linapotea kwenye taa za uwanja. Namba 7 wa wapinzani, mpigaji wao mkuu wa mateke, akisoma Jumanne kwamba kuna winga anaanza mara ya kwanza anafurahi, hakuna ubaya hapo, ni kazi yake. Dakika 10 za kwanza yatakuja mabomu mawili matatu upande wa mdogo wako, na kila moja linakuja na mtu mrefu anaruka kugombea naye. Kuna wapigaji kama Nathan Cleary wa Penrith ambao mpira wao hauzunguki ukiwa juu, unayumba, unakuwa kulia unashuka kushoto. Kijana aliyezoea mabomu ya vijana wa umri wake anakuta huu unakaa hewani muda mwingine kabisa. Dawa yake ni kudaka mingi akiwa amechoka, baada ya mazoezi sio kabla, na mtu anampiga na ile mito ya mazoezi akiwa hewani. Na dawa ya pili ambayo haifundishwi sana ni kujua atafanya nini AKISHAUANGUSHA. Maana atauangusha. Kila winga unayemjua aliuangusha siku moja mbele ya watu elfu ishirini. Anayebaki daraja la kwanza ni yule ambaye kukabwa kunakofuata tayari yuko kwenye mstari na wenzake anapiga kelele, na seti inayofuata anaomba mpira kama hajafanya kosa lolote, na sio yule anayejificha pembeni dakika 15 akisubiri watu wasahau.

Kukaba ndio mtihani mkubwa zaidi kuliko yote lakini ni vigumu kumweleza mtu asiyecheza. Jaribu hivi: wapinzani wanakuja upande wako, wao wanne nyie watatu. Ukiingia ndani kumfuata mwenye mpira, pasi ndefu inapita juu ya kichwa chako, winga wao anatembea mpaka kona. Ukibaki nje, wanapita kati yako na senta wako. Una nusu sekunde, na jibu sahihi sio lako peke yako, ni mkubaliane na senta kabla, kwa sababu mkiamua kosa wote wawili pamoja mara nyingi mnaokoka, ila mmoja akiingia mwingine akabaki, ni trai. Kwenye Queensland Cup unaweza ukasoma vibaya ukatumia kasi ukarudi. Juu huko pasi inafika kabla hujageuza nyonga. Ndio maana ukimkuta anaongea na simu usiku na huyo senta wake usimnyang'anye, hiyo ni kazi.

Zile trai za kuruka kwenye kona ndio zinazomvutia kila mtoto. Kwenye sheria za sasa bendera ya kona ukiigusa hujatoka nje, kwa hiyo winga anaweza kuruka mwili wote ukiwa angani nje ya mstari na mkono unaweka mpira ndani. Tafuta ile ya Xavier Coates wa Melbourne Storm dhidi ya Warriors mwanzoni mwa msimu wa 2024, utaelewa kwanini watu wanapagawa. Lakini trai za winga ni kama mahindi, umevuna wewe walilima wengine. Josh Addo-Carr alifunga sita kwenye mechi moja 2021, na hata winga mzuri kama yeye ana wiki mpira haumfikii kabisa. Kwa hiyo mechi ikiisha, usimuulize "umefunga ngapi". Muulize alitoka nyuma na mpira mara ngapi. Atakushangaa umejulia wapi.

Sasa jambo ambalo nyie nyumbani mnatakiwa mlijue kabla: kaitwa KWA NINI? Kuna milango mitatu. Kuna mtu kaumia. Kuna wakubwa wameondoka kwenda State of Origin, zile mechi tatu za katikati ya mwaka kati ya Queensland na New South Wales, ambapo klabu zenye nyota wengi zinabaki zinaokoteza na vijana wengi sana wameanzia hapo. Na kuna kwamba kocha kachoka na winga aliyepo. Ukiingia kwa mlango wa kwanza au wa pili, mwenye namba anarudi, na wewe unarudi ulikotoka hata kama umecheza vizuri, na hapo ndipo nimeona vijana wanavunjika, sio kwa kipigo cha uwanjani ila kwa ile Jumanne jina halipo. Wanarudi Queensland Cup wananuna, wanacheza kama wameshushwa hadhi, na wiki tatu baadaye nafasi ikitokea anaitwa mwingine. Kocha wa juu anaangalia mechi za chini kuliko watu wanavyofikiri. Akae na kocha amuulize wazi, nimekuja kuziba pengo wiki ngapi na unataka nifanyie kazi nini nikirudi chini? Kocha mzuri atampa vitu viwili, avifanye hivyo viwili tu.

Na kurudishwa au kukataliwa sio mwisho. Alex Johnston wa South Sydney alianza 2014 na mwaka huohuo akachukua ubingwa, halafu 2020 ikafika mahali klabu ikawa haina mkataba mpya wa kumpa na karibu aondoke. Akabaki. 2021 akafunga trai 30, na 2022 akafunga 30 tena. Huyo alikuwa tayari na jina, sembuse kijana wa 19.

Kuhusu umri, mama asiogope hiyo 19 yenyewe. Israel Folau alianza na Storm 2007 akiwa na miaka 17, Jason Taumalolo na Cowboys 2010 naye 17, na Joseph Suaalii 2021 ilibidi apewe ruhusa maalum kwa sababu hajafika 18. Mawinga wanawahi, mapropu ndio mara nyingi wanahitaji miaka zaidi mwili ukomae, ingawa hata hapo Payne Haas alikuwa anamaliza dakika 80 kama propu akiwa bado kijana mbichi, huyo ni kiumbe kingine tumwache.

Chuo. Hapa nitakuwa upande wa mama kwa nusu, usinichukie. Mchezo huu wenyewe ulizaliwa kwa sababu ya hoja kama ya mama: tarehe 29 Agosti 1895 pale Huddersfield Uingereza klabu za kaskazini zilijitenga kwa sababu wachezaji wao walikuwa wachimba makaa na watu wa viwandani, wakicheza Jumamosi wanakatwa mshahara, na wakubwa wa raga walikataa wafidiwe. Kwa hiyo kuuliza "na maisha yake?" sio kumkosea heshima mtoto. Mchezaji wa ile 30 kamili kima cha chini kiliwekwa dola 120,000 za Australia mwaka 2023, na mpango ni kifike 150,000 mwaka 2027. Lakini mdogo wako hayumo kwenye hiyo 30. Watu wa mtaani wakisikia NRL wanaanza kuomba, wajomba wanapiga simu, na mtoto bado anaendesha gari la kuazima. Asome taratibu, somo moja au mawili kwa muhula, klabu zinalitaka hilo na zinapanga ratiba. Kuacha kabisa raga sasa sikubaliani, nafasi hii haimsubiri mtu amalize digrii, chuo kinasubiri.

Mkataba asaini akiwa na wakala aliyeidhinishwa rasmi, sio rafiki wa kanisani anayejua mambo, na chama cha wachezaji kinaitwa RLPA, wanapokea simu. Wasome hasa: akicheza mechi kadhaa anapandishwa kwenye 30 au habadilishwi kitu? Akiumia goti mwezi wa tano mkataba ukaisha mwezi wa kumi, matibabu ni ya nani?

Vitu vya nyumbani ambavyo familia zetu zinakosea bila kujua. Dawa za miti, unga wa kuongeza nguvu, chai ya tangawizi yenye vitu visivyojulikana ambayo shangazi kaituma: hapana. Anapimwa na Sport Integrity Australia muda wowote, hata nyumbani, na kwenye sheria hizo kilichokutwa mwilini ni chake, haijalishi nani alikitia kwenye kikombe. Ugali, samaki, maharage, wali, ruksa kabisa, tena usiku wa kuamkia mechi aongeze wali.

La pili, midomo. Akikuambia Jumapili kwamba anaanza, isitoke kwenye status yako wala kwenye grupu la familia mpaka orodha itangazwe. Watu wanabeti kwenye mechi hizi kwa hela nyingi, na taarifa za ndani za timu ni kosa kuzitoa, mchezaji ndiye anayeadhibiwa. Yeye mwenyewe haruhusiwi kubeti kwenye raga ligi hata dola moja. Na baada ya mechi uchukue simu yake kama atakubali, maana aliyepoteza mkeka kwa sababu mdogo wako hakufunga atamtumia matusi ya rangi na ya kila aina, nimesoma meseji hizo, sitazirudia.

La tatu ndio silifanyii mzaha. Akigongwa kichwa anatolewa kupimwa dakika 15, na ikithibitika ni mtikisiko wa ubongo, tangu 2023 kwa kawaida anakaa nje siku zisizopungua 11. Kijana aliyesubiri nafasi miaka mitatu atashawishika kuficha, atasema taa zinamuumiza macho kwa sababu ya usingizi tu. Wewe unaishi naye, daktari haishi naye. Ukimwona anasahau maneno, anakasirika ovyo, anakaa gizani, mpigie daktari wa klabu wewe mwenyewe hata kama atakununia mwezi mzima.

Wiki yenyewe ya mechi msimjazie nyumba wageni. Mwache afanye ratiba yake ileile ya Queensland Cup, filamu ileile, saa ileile ya kulala, na kama hataki kuongea msiongee. Maombi fanyeni ila mfupishe.

Jina likitoka Jumanne, klabu itawasiliana nanyi kuhusu tiketi na kuhusu kumkabidhi jezi. Huwa siku moja kabla au hata hotelini, timu nzima inakaa, na mara nyingi mzazi ndiye anaombwa amvishe na aseme maneno mawili. Mwulize mama sasa hivi kama atapenda kusema kwa Kiswahili, kwa sababu akilazimishwa Kiingereza mbele ya wanaume 30 atanyamaza, na mtu wa ustawi anaweza kupanga wewe utafsiri. Asivae visigino, kama ni uwanjani vinazama kwenye nyasi.